Ruta iliyokwama bado ina uhai

MVUA ikishuka kwa nguvu Elburgon, kwenye ukingo wa msitu wa Mau, wakazi huanza kuhofia stima. Usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani. Kukatika kwa stima kwa namna hiyo kukiikuta ruta ikisasisha programu yake, huenda isiwake tena. Taa zitamulika, zizime, zimulike upya, na waifai isionekane.

Wengi hukimbilia kununua nyingine. Wasiharakishe.

Anza na adapta. Iliyochoka inaweza kuwasha taa lakini ishindwe kuendesha mtambo wote. Jaribu nyingine yenye volti zile zile na ampea zisizopungua zilizoandikwa kwenye ruta.

Adapta ikiwa nzima, huenda programu ndiyo iliyoharibika. Ndani ya ruta mna programu ndogo inayotangulia kuamka na kuiita ile kubwa. Mara nyingi kubwa huharibika, ndogo ikasalia. Hapo ndipo penye tumaini.

Aina nyingi za TP-Link, kwa mfano, hutafuta faili ya uokoaji kwenye kompyuta yenye anwani 192.168.0.66. Fundi huunganisha kompyuta na ruta kwa waya, huwasha programu ya TFTP (ya kutuma faili), huiweka faili humo kwa jina ambalo ruta inalitarajia, kisha huwasha ruta huku amebonyeza kitufe cha kurejesha. Ikiipata, hujiandika upya.

Faili lazima ilingane na modeli na toleo lililoandikwa chini ya ruta. Isiyolingana huongeza madhara. Kazi hii ifanywe stima ikiwa imetulia, au kwa betri ya akiba.

Programu ndogo nayo ikiwa imeharibika, fundi wa elektroniki hufungua ruta na kuiandika upya chipu ya kumbukumbu. Lakini ruta ikiwa ni mali ya kampuni ya intaneti, usiifungue, irudishe kwao.

Tangu 2022 Kenya ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, inayowabebesha watengenezaji wajibu wa bidhaa zao hata zikishatumika. Wajibu huo uanzie mapema: waweke faili za uokoaji wazi, na maelezo kwa Kiswahili ndani ya kila boksi. Mwanafunzi wa Elburgon hapaswi kukosa masomo, wala mzazi kulipia ruta mpya, kwa sababu ya faili moja iliyokatizwa njiani.