Deni Lililofungiwa Ndani ya Kompyuta

Ndugu zetu katika imani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, yatuamrisha kuandika deni. Wazee wetu waliandika katika daftari, daftari likakaa sandukuni, na mama wa nyumba akijua ufunguo ulipo. Leo wengi wetu twaandika katika kompyuta, na ufunguo wake twauhifadhi kichwani. Mwenye kichwa akifariki, ufunguo huzikwa naye.

Jambo hili limeifika familia moja yenye asili ya Pwani iliyohamia Machakos, nasi tukatakiwa ushauri. Marehemu alikuwa na duka la vitambaa. Hesabu za aliowadai na waliomdai zilikuwa katika kompyuta ya nyumbani, wala hakumwachia mtu nywila. Mjane yumo edani, wadai wanabisha hodi, na mirathi haigawiwi mpaka deni la maiti lilipwe na wasia wake utekelezwe. Vijana wake walijaribu kubahatisha nywila wasifanikiwe, kisha diski ikaanza kukwama na kutoa mlio usio wa kawaida.

Tuliwashauri mambo mawili. Kwanza, kompyuta izimwe mara moja, kwani diski ya sahani zinazozunguka ikishadhoofika, kila dakika ya kuwashwa huweza kuharibu yaliyosalia. Pili, isifunguliwe ila kwa ridhaa ya warithi wote, maana sasa ni mali yao. Na sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya kompyuta inakataza kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini.

Fundi aliitwa nyumbani, kaka wa mjane akakaa naye tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuhangaika na nywila. Nywila ya kawaida ya Windows hufunga mlango tu. Diski ikitolewa na kuunganishwa na kompyuta nyingine, yaliyomo husomeka. Lau ingalifungwa kwa BitLocker, ingalihitajika namba ya uokoaji yenye tarakimu 48, na bila hiyo fundi asingalikuwa na hila.

Wala hakuanza kutengeneza, alianza kunakili. Programu za kurekebisha huandika juu ya diski ileile, na diski mgonjwa huweza kufa kazi ikiwa katikati. Alinakili kwanza sehemu nzima, akazirudia zilizo mbovu, kisha akairekebisha ile nakala. Hesabu za madeni zilipatikana. Baadhi ya picha zilipotea, na zilizobaki hazikufunguliwa mbele yake, kwani sitara ya mama na mabinti ni amana.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kwamba Muislamu mwenye cha kuusia asilale siku mbili ila wasia wake umeandikwa. Basi kila mwenye kompyuta aandike nywila yake, na namba ya uokoaji ikiwapo, aitie katika bahasha iliyofungwa pamoja na wasia, na mke au mrithi mwaminifu aambiwe ilipo. Akibadili nywila, abadili na karatasi. Orodha ya madeni ichapishwe na kushuhudiwa, na nakala ya hesabu iwekwe katika diski ya pili, nje ya kompyuta.

Enyi akina mama, ulizeni jambo hili leo, waume zenu wakiwa hai na wenye afya. Kuuliza si uchuro. Ni kumsaidia mume atoke duniani bila deni shingoni.