Waridi Lenye Matunda kwa Dirisha la Mama

Ni chache leo nyumba za pwani yetu zisizokuwa na mtu Uingereza. Kwetu sisi ni dada yetu mdogo, mkaazi wa Leicester, ambaye mwaka juzi alimchukua Mama ili amtunze. Mama alifika Juni, bustani zimejaa maua, na kwa kuwa maisha yake yote alikuwa mfungaji vikuba, alifurahi. Kisha ikaingia Oktoba. Kwetu huo ni mwezi wa vuli, mvua huja na kila kitu huchipua. Kule majani hugeuka manjano na kupukutika. Saa ziliporudishwa nyuma mwisho wa mwezi, Magharibi ikawa inaingia kabla ya saa kumi na moja jioni. Mama alitazama nje, akauliza, "Miti hii nani kaiua, wanangu?" Tangu siku hiyo akataka pazia lifungwe.

Dada akaazimia kumpandia waridi mbele ya dirisha. Alikosea, na twalieleza kosa lake kwa idhini yake, kwani wengi hulifanya. Alichagua kwa kutazama ua. Lilikuwa waridi zuri la tabaka juu ya tabaka, na kila ua lililonyauka alilikata kwa bidii ili mengine yachanue. Oktoba ya pili ilipofika, dirishani kulikuwa na miba mitupu.

Waridi, kama mwembe, huzaa tunda pale ua lilipokuwa. Ukilikata ua, umelikata na tunda. Tena yale mawaridi yenye petali nyingi mara nyingi hayazai, au huzaa kidogo, kwa kuwa sehemu zake za uzazi zimegeuzwa petali, na nyuki hapati njia. Atakaye rangi wakati majani yanapopukutika na atafute ua jepesi la petali tano, kisha aiweke mbali mikasi.

Safari hii alimchukua Mama mwenyewe kwenye kitalu cha miche, Oktoba hiyo hiyo. Hilo ndilo shauri letu kubwa: nenda wakati matunda yako mtini, uyaone kwa macho. Mche ulio na mizizi mitupu, unaouzwa majira ya baridi, ni rahisi zaidi, lakini huenda ukakuweka mwaka mminga au zaidi kabla ya kuzaa, na mzee haambiwi asubiri.

Waliona Rosa rugosa, lenye asili ya fukwe za Japani na nchi jirani zake. Matunda yake ni manene mithili ya nyanya ndogo, majani yake hugeuka manjano, na hustahimili chumvi na upepo wa bahari. Kwa aishiye mjini halina ubaya. Lakini limevamia machuga ya fukwe za Uingereza hata sheria ikakataza kulipanda porini, nasi tusingelipendekeza kwa aishiye karibu na pwani. Waliona Rosa glauca, lenye majani ya kijivu yaliyochanganyika na zambarau, na Rosa canina, waridi la vichakani ambalo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia watoto walichuma matunda yake yakafanywa sharubati ya vitamini C, machungwa yalipoadimika. (Ndani ya matunda hayo mna vinyweleo viwashavyo kama upupu, wajukuu waonywe.)

Mama alisimama mbele ya Rosa moyesii, aina iitwayo Geranium. Asili ya waridi hili ni magharibi mwa China. Ua lake ni jekundu, huchanua mara moja tu kwa mwaka, mwanzoni mwa kiangazi. Tunda lake ndilo ajabu: rangi yake nyekundu ya kuelekea chungwa, tumbo la mviringo na shingo nyembamba. Mama alilishika, akasema, "Huu si mrashi?" Na kweli, ulikuwa mrashi mtupu, kama ule wa fedha tunyunyiziao marashi maulidini. Mjadala ukaishia hapo.

Kichaka hiki hufika mita mbili na nusu, basi kipewe nafasi na jua. Dada alichanganya samadi kwenye udongo, akakimwagilia kiangazi chote cha kwanza, na hakukipogoa ila vijiti vilivyokufa.

Pazia sasa huwa wazi hadi usiku. Katika simu ya Jumapili iliyopita Mama alituhesabia mirashi kumi na saba iliyobaki. Mingine imeliwa na ndege. Dada alikuwa amenunua wavu wa kukifunika kichaka. Mama alikataa, akamkumbusha Hadithi ya Mtume wetu (S.A.W.) kwamba Mwislamu apandapo mti, akala humo ndege au mtu au mnyama, huwa ni sadaka yake. Wavu umerudishwa dukani.