Kabla ya kumwita muuzaji mwizi, pima ishara ya redio

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini sisi tunaovuka mpaka kila wiki mara nyingine tunakuwa wepesi wa kulaumu kuliko kuuliza, na lawama hiyo hutugharimu kuliko mzigo wenyewe. Nieleze yaliyotokea nyumbani kwa dada yangu huku Makamba.

Shemeji yangu anauza vitenge na mitumba. Huvuka Mugina, akaingia Manyovu, akateremka hadi Kigoma kuchukua mzigo kwa mzee mmoja anayempa mali kauli, kisha akarudi kuuza katika masoko yetu. Gari lake ni Toyota Probox. Sokoni hufungua mlango wa nyuma, akapiga muziki na tangazo lake alilolirekodi kwenye CD, na wateja wakasogea.

Mwaka jana alinunua kwa mzee yule yule amplifaya ya gari iliyokwisha kutumika, pamoja na spika mbili. Fundi wa mtaani akamfungia. Siku ya soko tangazo likatoka kama sauti ya mtu anayetafuna changarawe. Baada ya nusu saa redio ikawa ya moto, ikazimika. Shemeji akapandwa na hasira, akampigia mzee simu na kumwita mwizi. Mzee hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba kama mambo yamefika hapo, basi deni lililobaki lilipwe lote na mali kauli iishie hapo.

Ndugu msomaji, kama unafanya biashara unajua uzito wa maneno hayo. Mali kauli haina mhuri wala karatasi. Kwa sisi tuliorudi, wengi bila shamba la uhakika wala dhamana ya kuipeleka benki, kuaminiwa na mtu wa ng'ambo ndio mtaji wetu. Dada yangu akaja kunigongea usiku. "Kaka, wewe unafundisha fizikia. Njoo uangalie kitu hiki kabla hawajavunjiana kabisa."

Nilikwenda na kifaa changu cha kupimia volti. Kosa halikuwa kwenye amplifaya.

Redio ya gari inaweza kutoa sauti kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni matundu madogo ya mviringo nyuma ya redio, yale ya waya wa RCA wenye vichwa vyekundu na vyeupe. Huko hutoka ishara ndogo, kwa kawaida chini ya volti 4 au 5, iliyotengenezwa kwa ajili ya amplifaya. Njia ya pili ni nyaya za spika. Huko ishara imekwisha kukuzwa ndani ya redio ili isukume spika moja kwa moja. Redio inayotoa wati 18 halisi kwenye spika ya omu 4 hufikisha volti 8 na nusu hivi. Usidanganyike na maandishi ya "wati 50 mara 4" usoni mwa redio, kwani hicho ni kilele cha nukta moja, si nguvu ya kudumu.

Redio nyingi zinazokuja na gari kutoka kiwandani hazina yale matundu ya RCA, na hii ya shemeji haikuwa nayo. Fundi alifanya nini? Alikata nyaya za spika, akazifunga vichwa vya RCA, akavichomeka kwenye amplifaya. Hapo yametendeka makosa mawili kwa mkupuo mmoja.

Kosa la kwanza ni ukubwa wa ishara. Amplifaya iliyotarajia volti 2 ilimwagiwa 8. Wimbi la sauti likakatwa kichwa na miguu, na hayo ndiyo makwaruzo tuliyoyasikia. Wimbi la namna hiyo huunguza pia spika, hasa zile ndogo za sauti nyembamba.

Kosa la pili ni baya zaidi. Katika redio za sasa, nyaya zote mbili za spika zina umeme. Hata redio ikiwa kimya, kila mmoja hukaa kwenye volti 6 hivi, nusu ya betri. Hakuna hata mmoja ulio sawa na bodi ya gari. Lakini ganda la nje la RCA kwenye amplifaya ile lilikuwa limeunganishwa na bodi. Kwa hiyo redio ilikuwa inapigwa shoti muda wote. Ulinzi uliomo ndani yake ndio ulioizima, vinginevyo ingekufa siku ile ile.

Mimi nilizaliwa Ulyankulu, nikasoma kwa Kiswahili, na niliporudi mwaka 2009 nikakuta shule za sekondari zinafundisha kwa Kifaransa. Sikuwa mjinga, na walionisikiliza hawakuwa wajinga. Alikosekana mkalimani. Redio na amplifaya navyo ni hivyo hivyo.

Mkalimani wao ni kiboksi kidogo kinachofungwa katikati. Upande mmoja huingia nyaya za spika, upande wa pili hutoka RCA, nacho hushusha ishara kutoka volti 8 hadi 1 au 2. Chagua chenye transfoma ndogo ndani, maana hutenganisha redio na bodi, na hupunguza ule mlio unaopanda kila ukikanyaga mafuta. Amplifaya nyingine zina tundu lao maalumu la kupokea nyaya za spika moja kwa moja. Ukiikuta ya namna hiyo, kiboksi hakihitajiki.

Likabaki jambo moja, kitufe chenye neno GAIN. Fundi alikizungusha hadi mwisho, akidhani ni cha kuongeza sauti. Kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na ukubwa wa ishara inayoingia. Kishushe hadi chini kabisa. Fungua sauti ya redio hadi robo tatu. Kisha pandisha kitufe polepole mpaka sauti ianze kukwaruza, halafu rudisha nyuma kidogo. Acha hapo.

Mwenye kifaa cha kupimia apige hesabu. Zidisha wati kwa omu, kisha tafuta kipeuo cha pili. Wati 50 mara omu 4 ni 200, na kipeuo chake cha pili ni 14 hivi. Toa nyaya za spika kwenye amplifaya, piga mlio mmoja usiobadilika, weka kifaa kwenye volti za AC, na pandisha kitufe hadi 14, usizidishe.

Kwa anayekwenda kununua, kwanza chungulia nyuma ya redio yako ujue inatoa nini. Pili, muulize muuzaji amplifaya inapokea nini. Tatu, usibahatishe nyaya kwa rangi, kwa sababu rangi za redio ya kiwandani si zile za redio ya dukani. Nne, waya unaotoka kwenye betri uwekewe fyuzi isiyozidi sentimita 45 kutoka betri, la sivyo shoti moja inaweza kuchoma gari na mzigo.

Tulifunga kiboksi Jumamosi. Tangazo likasikika hadi ng'ambo ya soko, kila neno. Shemeji alikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Wiki iliyofuata hakupiga simu. Alikwenda mwenyewe Kigoma, akaomba radhi mbele ya watoto wa mzee. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, ungeniuliza kabla ya kunitukana, kiboksi hicho ninacho dukani." Akampa mzigo, lakini nusu ya ule wa kawaida. Nusu nyingine, alisema, itarudi polepole.