Propela Nyingi Hazizai Nishati

Swali limekuja tena, safari hii likiwa na mchoro: propela kumi zimepangwa mbele ya bawa, na chini yake maelezo kwamba kwa kuwa zinapuliza bawa, ndege itakwenda mbali zaidi kwa betri ileile. Haitakwenda. Itaishiwa chaji mapema zaidi.

Imani hii ina mzizi wa ukweli: kasi ya hewa inayopita kwenye bawa ikiwa maradufu, nguvu ya kuinua huwa mara nne. Tatizo ni kwamba wengi huishia hapo. Chukua ndege inayokwenda mita 30 kwa sekunde, propela zake zikiharakisha hewa hadi mita 45. Sehemu ya bawa iliyopulizwa hupata, ikizidi sana, nguvu mara 2.25. Sasa ipeleke kwa mwendo wa safari, mita 70. Kwa msukumo uleule mkondo wa propela haufiki hata mita 78, na nyongeza inashuka hadi kama asilimia 23. Hata hiyo haina kazi, kwa sababu ndege iliyotulia angani inahitaji kuinuliwa kwa kadiri ya uzito wake, basi. Kinachobaki ni hasara: hewa yenye kasi zaidi husugua bawa kwa nguvu zaidi, na kasi hiyo imelipiwa na betri.

Tena mkondo huo hauendi kwa kunyooka, unazunguka. Upande ambao panga linapanda, bawa huinuliwa zaidi. Upande ambao panga linashuka, huinuliwa pungufu. Anayechora mishale iliyonyooka nyuma ya propela ameacha nusu ya hesabu.

Faida ya kweli ni kupunguza bawa. Bawa la ndege ndogo hufanywa kubwa ili iweze kutua polepole. Ikishakuwa safarini, ukubwa huo ni mzigo. Ndiyo maana NASA ilibuni X-57 Maxwell kutokana na Tecnam P2006T ya Italia: bawa lenye eneo la kama asilimia 40 ya lile la awali, propela ndogo 12 za kusaidia kuruka na kutua, na mbili kubwa kwenye ncha. Zile 12 zilikusudiwa kuzimwa na kukunjwa ndege ikiwa safarini. Waliozibuni wenyewe walipanga kuzizima! Mradi ulifungwa 2023 bila ndege kuruka, baada ya kuonekana kasoro ya usalama kwenye mfumo wa mota.

Kwa anayebuni ndege, basi. Unataka uwanja mfupi? Weka propela ndogo mbele ya bawa, zikunjwe baada ya kupaa. Unataka masafa? Weka kubwa kwenye ncha, zizunguke kinyume cha kisulisuli cha ncha, yaani hewa inayojizungusha kwenye ncha ya bawa. Hapo ukinzani hupungua kweli. Unahofia injini kuzima? Itazame Breguet 941 ya Ufaransa, iliyoruka 1961: propela zake nne ziliunganishwa kwa shafti, injini moja ikifa zote zikaendelea kuzunguka. Kwa umeme, tenganisha betri na nyaya, hitilafu moja isizime upande mzima. Kisha kokotoa kasi ya kutua propela zote ndogo zikiwa zimezima. Ikiwa kasi hiyo haimwachii rubani nafasi ya kutua salama, ongeza bawa.