Maji ya Moto ya Kuoshea Vyombo vya Maziwa

Maji yapatapo moto hutanuka, huwa mepesi, na kupanda juu. Yaliyo baridi ni mazito, nayo hushuka. Kwa hiyo moto ukiwaka chini ya pipa, maji huzunguka hata yote yapate moto. Lakini moto ukizimika, kisha maji baridi yakaongezwa, hayo hushuka chini. Mkulima achotaye kwa bilula ya chini huosha vyombo kwa maji ya uvuguvugu, na maziwa yake huchacha upesi.

Yafaa bilula iwekwe karibu na ukingo wa juu, na maji baridi yatiwe polepole kwa bomba lifikalo chini. Kila debe liingialo chini litasukuma maji ya moto yatoke juu. Vyombo vikiisha kuoshwa, visuuzwe kwa maji yanayochemka.