Maiti wanaoruka na kidole cha mtoto

Hapa Kabatoro mvua ikinyesha watoto wanajazana kibanda cha video. Mwezi uliopita wameturudia nyumbani wakiruka miguu pamoja, mikono imenyooka mbele. Tukajua tu: wameona Mr. Vampire.

Filamu hii ya Ricky Lau ilitoka Hong Kong mwaka 1985. Maiti wanafufuka na kunyonya damu, naye marehemu Lam Ching-ying anawapiga kung fu, anawamwagia mchele, anawabandika karatasi ya njano usoni. Ukibana pumzi, maiti hakuoni. Kusema kweli, hata sisi wakubwa tulicheka.

Kicheko kiliisha zahanati. Mtoto mmoja mwenye homa alikataa kabisa kutobolewa kidole kupimwa malaria. "Watanimaliza damu!" Na bibi yake akamuunga mkono!

Tusimlaumu bibi, jamani. Wakati wa ukoloni, Kampala hadi Nairobi, watu walisimuliana kwamba wazimamoto wanakamata watu usiku kuwatoa damu. Pwani walisema mumiani, Kongo yetu batumbula. Wazee wamekua na woga huo, wala hawakuutoa kwenye sinema.

Mama yake hakubishana. Alitoa kidole chake kwanza, kikatobolewa mbele ya wote wawili. Tone moja, basi. Bibi akasogea kuangalia vizuri. Mtoto naye akabana pumzi kama kwenye filamu, akatoa kidole.

Ilikuwa malaria. Amemaliza dawa, na anaruka tena uani.