Utando na Maji ya Chumvi ya Visima vya Mafuta

Mafuta hayatoki ardhini peke yake. Katika bonde la Permian, huko Texas na New Mexico nchini Marekani, kila pipa la mafuta hufuatana na mapipa kadhaa ya maji. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Ya visima hivyo mara nyingi hupita 100.

Neno utando, litumikalo pia kwa nyumba ya buibui, hapa lataja ngozi nyembamba itengenezwayo kiwandani. Kwa tabia yake maji huvutwa kuupenya utando kuelekea upande wenye chumvi nyingi. Atakaye kuyarudisha sharti ayasukume kwa nguvu ipitayo mvuto huo, ambao kwa maji ya bahari walingana na uzito wa hewa mara 27 hivi. Chumvi ikizidi, mvuto nao huzidi, hata utando wa kawaida usiweze kustahimili. Tena mabaki ya mafuta huuziba.

Hivyo imetafutwa njia nyingine: maji hupashwa moto, mvuke ukapenya utando usiolowa, ukapoa ng'ambo ukawa maji matamu. Msukumo mkubwa hauhitajiki, ila joto jingi huliwa.

Kuyarudisha maji hayo ardhini, kama ilivyozoeleka, kumezusha matetemeko magharibi mwa Texas. Wakati huohuo nchi hiyo ni kavu, na wakulima wana kiu. Lakini utamu wa maji si usafi: amonia, na vitu vingine vyepesi kugeuka hewa, hupenya pamoja na mvuke.